Je, Wajua? Nani Anailinda Amani ya Mtwara

Polisi, mwendesha mashtaka, hakimu, bwana jela: hao ndio tunaofundishwa kwamba wanaiweka jamii kwenye mstari. Ukikaa pwani ya kusini, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Mto Ruvuma, utaona foleni ni ndefu zaidi. Kuna balozi, kuna mzee wa jando, kuna kikundi cha wavuvi, kuna mama muuza samaki anayejua nani kalala wapi. Safu hii leo inawapitia baadhi yao, na wenye magwanda hawatapendelewa.

Je, wajua kwamba jengo kubwa jeupe lililo juu ya ghuba ya Mikindani, ambalo leo watalii hulipia chumba cha kulala, lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895 liwe boma lao la utawala? Enzi hizo mtawala, mkusanya kodi, hakimu na mwadhibu walikaa chini ya paa moja. Mwenye kesi hakuwa na pa kukata rufaa ila kwa Mungu. Adhabu iliyowakaa wazee kichwani hadi wakaisimulia kwa wajukuu ilikuwa viboko 25, hamsa ishirini.

Je, wajua kwamba Jeshi la Polisi tulilonalo lilizaliwa mwaka 1919 chini ya Waingereza, na makao makuu yake ya kwanza yalikuwa Lushoto, Tanga? London walikuwa na polisi wao tangu 1829, wa kutembea mtaani na kusalimiana na wenye maduka. Makoloni yaliletewa polisi wa kambini, wa gwaride na bunduki, kazi yao ya kwanza ikiwa kumlinda mtawala asisumbuliwe. Uhuru ulipofika bendera ilibadilishwa mara moja. Kambi ilichukua muda mrefu zaidi.

Je, wajua kwamba balozi wa nyumba kumi, yule mzee anayejua mgeni wa nani kafika jana usiku, ni matunda ya TANU ya miaka ya 1960? Mpaka leo ubalozi ni cheo cha chama. Serikali ina wenyeviti wake wa mitaa na vitongoji. Lakini muulize mtu wa Shangani au Chikongola, mitaa ya Mtwara mjini, ugomvi wa ukuta na jirani ulipelekwa wapi kabla haujafika polisi, atakutajia kibaraza cha mtu. Kenya nayo iliuchukua utaratibu huu mwaka 2013, na ikauita hivyo hivyo kwa Kiswahili, Nyumba Kumi, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi.

Je, wajua kwamba samaki aliyeuawa kwa baruti anaweza kutoa ushahidi mwenyewe?

Hapa tukae kidogo. Mpasue changu aliyepigwa bomu. Nyama imelegea kabla ya wakati wake, damu imevilia ndani pembeni mwa uti wa mgongo, na mara nyingi uti wenyewe umekatika. Kibofu cha hewa kimepasuka. Kwa nje samaki anang'aa kama kawaida, hana alama ya ndoana wala ya wavu. Mnunuzi mzoefu akimbonyeza kwa kidole gumba anajua. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimtazami mrusha bomu peke yake: anayekutwa na samaki hao, au anayewauza, naye ana kosa. Kwa maneno mengine, beseni la samaki sokoni linaweza kuwa eneo la tukio.

Sasa fikiria kazi ya polisi. Mlipuko unasikika baharini alfajiri, mshindo mmoja, maji yanapanda na kushuka. Boti ya doria, kama ipo na ina mafuta, itafika baada ya nusu saa. Itakuta nini? Bahari. Ushahidi umezama, na ngalawa kumi zilizo jirani hazikuona kitu. Ndiyo maana kesi hizi zilisumbua kwa miaka mingi. Miaka ya 1990 wanavijiji wa pwani za Kilwa, Lindi na Mtwara walichoka kusubiri wakaunda umoja wao, SHIRIKISHO, wakisaidiwa na mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland. Wavuvi walisema hadharani yale yaliyokuwa yakinong'onwa: kwamba wapiga mabomu wanajulikana kwa majina, na kwamba wengine hukamatwa asubuhi na jioni wako nje.

Mwaka 2000 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko, fukwe na vijiji vya watu. Ndiyo, vijiji: Msimbati na Ruvula vimo ndani ya hifadhi, kwa hiyo askari wa hifadhi na mvuvi anayemkagua wananunua sukari duka moja. Vikaja pia vikundi vya BMU vya kusimamia fukwe, ambamo wavuvi wenyewe hukagua vyombo na kukamata makokoro, nyavu haramu za kuburuta. Mwaka 2015 kiliundwa kikosi kazi cha pamoja cha taasisi za serikali kupambana na uhalifu wa mazingira, baruti ikiwemo. Mwaka huohuo watafiti waliopita pwani nzima ya Tanzania na vinasa sauti vya chini ya maji walirekodi mamia ya milipuko kwa takriban mwezi mmoja, mingi ikiwa jirani na Dar es Salaam. Miaka iliyofuata milipuko ikapungua sana. Wengine wanakipa sifa kikosi, wengine wanavipa vijiji. Mimi nasema kikosi bila mtu wa kijijini kunong'ona jina kingekuwa kinachoma mafuta tu.

Je, wajua kwamba kuna vijiji vya pwani ya kusini vinavyofunga miamba yao ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha vinaifungua kwa siku maalumu, kila mtu na mkuki wake? Mlinzi mkuu wa mwamba uliofungwa ni aibu ya kuonekana na pweza kipindi ambacho hakuna anayetakiwa kuwa naye.

Je, wajua kwamba kopo la plastiki liliwahi kuwaingiza watu matatani na dola kuliko panga? Kwa mtu wa Tandahimba au Newala hilo halihitaji maelezo, lakini kwa msomaji wa Bukoba tufafanue. Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya ghala na nje ya mnada, mara nyingi kwa kipimo cha kopo au ndoo badala ya mizani, na mara nyingi zaidi kabla hata mkorosho haujatoa ua. Mkulima ana mgonjwa hospitali ya Ligula, ana karo, ana salfa ya kupulizia mikorosho ya kununua. Mwenye kangomba ana fedha taslimu mkononi, leo. Msimu ukifika mzigo si wa mkulima tena.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, biashara hii ikawa haramu moja kwa moja: korosho ziende chama cha ushirika cha msingi (AMCOS), zipimwe, zilale ghalani, ziuzwe mnadani. Barabarani vikawekwa vizuizi. Pikipiki yenye gunia usiku ikawa na maelezo ya kutoa. Kisha ikaja Novemba 2018. Wanunuzi walikuwa wamegoma kwa bei, na Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kwamba JWTZ litazisomba. Malori ya jeshi yakaingia maghalani. Timu za uhakiki zikaenda mashambani kutazama kama mtu anayedai malipo ya tani kadhaa ana mikorosho ya kutosha kuzizaa. Swali likahama kutoka bei kwenda uhalifu: wewe ni mkulima au ni kangomba?

Na hapo ndipo penye ugumu. Aliyeuza kwa kangomba alikuwa mwathirika au mshiriki? Aliyenunua alikuwa mnyonyaji au benki pekee iliyofika kijijini kwake? Polisi hawafundishwi kujibu maswali hayo. Wanafundishwa kukamata. Unaweza kuzuia gunia njiani kila usiku, lakini kama mkulima hana mkopo wa Februari, kopo litarudi Machi.

Je, wajua kwamba mwaka 2013 mji wa Mtwara ulifungwa na hotuba ya bajeti? Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Ikakaa ardhini miaka mingi, na ilipoanza kuonekana utajiri mkubwa, serikali ikaamua kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Desemba 2012 watu waliandamana mjini wakiwa na msimamo wa maneno mawili: gesi haitoki. Januari 2013 vurugu zikalipuka, Masasi ikaumia vibaya, nyumba na majengo ya serikali yakachomwa, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja kuzungumza na wananchi. Mei 22, siku Waziri Sospeter Muhongo alipowasilisha bajeti ya nishati Dodoma na kuthibitisha kwamba bomba liko palepale, maduka Mtwara yakafungwa, barabara zikazibwa kwa mawe na matairi, mabomu ya machozi yakatawala mitaa. Watu walipoteza maisha. Polisi walizidiwa na jeshi likaingia.

Mtambo wa kusafisha gesi ulijengwa Madimba, bomba likakamilika, na Oktoba 2015 likazinduliwa. Kwa kipimo cha dola, amani ilirejea. Kwa kipimo cha mtaa, watu wa Mtwara walijifunza namna ya kunyamaza, na kunyamaza kunaweza kudhaniwa utulivu na mtu aliye mbali. Askari akiulizia jambo baada ya siku kama zile, anajibiwa "sijui" na mtu anayejua.

Je, wajua kwamba mzungu mmoja aliwahi kujitangazia uhuru wa Msimbati? Latham Leslie-Moore, Mwingereza aliyeishi ufukweni huko, aliamua kwamba kipande chake si sehemu ya Tanganyika, akapandisha bendera yake. Miaka ya 1960 serikali ilimwondoa nchini. Nadhani ndiye mhaini pekee wa pwani yetu ambaye wenyeji walimsimulia kwa kicheko.

Je, wajua kwamba usiku wa Oktoba 14, 2020 vita ya nchi jirani ilivuka mto? Uasi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ulianza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia. Miaka mitatu baadaye washambuliaji wakavuka Ruvuma na kuingia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Waliua, wakachoma nyumba. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa nchi mbili walikutana Mtwara na kutia saini makubaliano ya kushirikiana.

Kwenye karatasi Ruvuma ni mpaka. Kwenye maisha ni mto wenye shamba upande huu na shangazi upande ule. Wamakonde wako kingo zote mbili, na mtumbwi hauulizi pasi ya kusafiria. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010, ila liko mbali huko Mtambaswala, Nanyumbu. Mwanamke wa Kitaya anayefuata mpunga wake ng'ambo hawezi kwenda huko kugongewa muhuri. Tangu 2020 safari hiyohiyo ya mpunga inaweza kumfanya mtu mshukiwa, na anayeweza kutofautisha mkulima na mpiganaji ni yuleyule jirani anayemjua tangu akiwa mtoto. Jirani huyo atamwambia askari? Inategemea askari alimtendeaje mara ya mwisho alipokwenda kituoni.

Je, wajua kwamba Sheria ya Uchawi waliyoitunga Waingereza mwaka 1928 bado imo vitabuni, na kwamba inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuchunguza tuhuma na kumwamuru mtuhumiwa akaishi mahali pengine? Serikali nyingi hukana uchawi na kuusimamia kwa wakati mmoja. Pwani yetu ya kusini ilikwenda mbali zaidi: *Swifa ya Nguvumali*, utenzi wa Hasani bin Ismail uliochapishwa mwaka 1968, unamsimulia mganga aliyefichua wauaji huko Kilwa. Mpelelezi wa siku hizo alivaa hirizi.

Je, wajua kwamba Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya wamepewa na sheria uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa hadi saa 48? Sharti ni kwamba amani iwe hatarini au kosa la jinai liwe limetendeka, na sababu ziandikwe. Diwani kukupinga kwenye kikao hakumo katika masharti hayo. Nasema tu.

Je, wajua kwamba moja ya sababu za nchi kuzitazama upya taasisi zake za haki jinai ilitoka Mtwara mjini?

Oktoba 2021 kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea alikamatwa na polisi akiwa Mtwara. Fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 33, zikachukuliwa. Alipoachiwa akawa anafuatilia fedha hizo. Januari 2022 akatoweka. Ndugu walihangaika, habari zikafika magazetini, na mwili wake ulipatikana umetupwa porini. Maofisa na askari saba wa polisi walishtakiwa kwa mauaji. Mwezi uliofuata, akiwa Magu, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alihoji hadharani itakuwaje polisi wanaotuhumiwa kuua wachunguzwe na polisi wenzao, na Waziri Mkuu akaagizwa kuunda timu huru.

Januari 31, 2023 Rais akazindua tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huo. Tume ilitaka Jeshi la Polisi lisukwe upya, liwe chombo cha kutoa huduma, na ikataka upelelezi utengwe na ukamataji. Iligusa hata ule uwezo wa wakuu wa mikoa na wilaya kuweka watu ndani.

Juni 2025 Mahakama Kuu, Mtwara, ikatoa hukumu. Kati ya wale saba, maofisa wawili walihukumiwa kunyongwa hadi kufa. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Wapo waliosema haki imetendeka, wapo waliosema imechelewa, na wote wana hoja. Ninachokiona mimi ni kwamba kesi ile ilianza kwa ndugu waliokataa kunyamaza na waandishi waliokubali kuandika. Taasisi zilifuata nyuma.

Je, wajua kwamba kunyongwa ndiyo adhabu pekee ambayo sheria ya Tanzania inamruhusu jaji kumpa mtu mzima aliyepatikana na hatia ya kuua kwa makusudi, lakini kitanzi hakijatumika tangu 1994? Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya uhai. Waliohukumiwa wanabaki magerezani mwaka baada ya mwaka.

Je, wajua kwamba si kila kosa linapaswa kuishia gereza la Lilungu? Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu, kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, kumpa mkosaji kazi ya bure badala ya gereza. Kijana aliyekutwa na kokoro kwa mara ya kwanza anaweza kufyeka nyasi za zahanati mchana na kulala kwake. Anaonwa na shangazi zake, jambo ambalo kwa wengine ni zito kuliko selo. Gerezani angekutana na walimu wa fani nyingine.

Je, wajua kwamba baraza la kata haliamui tena kesi za ardhi? Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha tu, na lina siku 30. Mwaka huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama kisheria. Babu wa Mahurunga sasa ana nafasi ya kuelewa kwa nini ameshindwa kesi.

Na haya ya mwisho, uyakate uyaweke kwenye pochi. Kufungua kesi na kupewa namba ya RB ni bure. Dhamana ni bure. Fomu ya PF3, ya kwenda nayo hospitali ukijeruhiwa, ni bure. Polisi wana saa 4 za kumhoji mtuhumiwa tangu wamshike, na zinaweza kuongezwa zisizidi 8, muda wa safari hauhesabiwi. Ndani ya saa 24 apelekwe mahakamani au apewe dhamana, isipokuwa kwa makosa yasiyo na dhamana. Polisi wakikupekua na kuchukua chochote, iwe simu, gunia la korosho au fedha, sheria inawataka wakupe hati inayotaja kila kilichochukuliwa, nawe na shahidi mtie saini. Idai palepale, isome, hesabu mwenyewe kabla hujaweka jina lako. Ukiombwa chochote ili upewe lolote kati ya haya, namba ya TAKUKURU, wazuia rushwa, ni 113, haikati salio.